TAHADHARI: Friza "mpya" za mtandaoni zinazokufa ndani ya wiki chache. Watu wa Lamu na Malindi, someni kabla ya kutuma pesa

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Amu, Malindi na pwani nzima.

Kuna muuzaji anayetangaza friji na friza kwenye Facebook na TikTok. Anasema yuko Mombasa, bidhaa zake ni mpya kabisa na kila moja ina waranti ya mwaka mmoja. Jina lake siliandiki hapa, kwanza kwa sababu jambo liko polisi, pili kwa sababu jina halitawasaidia: tangu Ramadhani ameshabadilisha ukurasa mara mbili. Nitawaeleza anavyofanya kazi, mumtambue hata akija na jina jingine.

Mama yangu anauza barafu, juisi ya ukwaju na sambusa za kugandishwa hapa Langoni, mjini Lamu. Friji yetu ilikuwa ndogo, na kila Ramadhani watu wanaagiza sambusa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Mwezi wa Shaaban tukachanga, mimi, Mama na kaka yangu. Ndipo nikaona tangazo: friza ya lita 200 kwa shilingi 29,500, wakati madukani nilikoulizia ilikuwa inakaribia 40,000. Kwenye picha friza nyeupe imesimama juu ya vigae vya kijani, nyuma yake pazia la maua mekundu. Ishikeni hiyo picha, nitairudia.

Sikununua kwa pupa. Niliuliza maswali kwa maandishi. Nikamwandikia: "Ni ya biashara ya barafu na sambusa, na itakuja Lamu." Akajibu: "Hakuna shida dadangu, hiyo ni mashine ya kazi, waranti mwaka mzima." Ujumbe huo ninao mpaka leo, na mtaona chini una thamani gani.

Kosa langu lilikuwa kwenye malipo. Alitaka pesa zote kabla ya kupakia, tena zitumwe kwa namba ya mtu binafsi, si till wala paybill ya duka. Jina lililotokea kwenye M-Pesa halikufanana na la duka. Nilipouliza, akasema ni la mhasibu wake. Nikatuma.

Friza ikaletwa kwa basi mpaka Mokowe, ikavuka kwa mashua, hamali wakaisukuma kwenye mkokoteni mpaka vichochoro vilipokuwa vyembamba, wakaibeba mabegani. Gharama zote 3,800. Nazitaja kwa sababu ndizo anazozitegemea huyu mtu. Anajua aliye Lamu hawezi kuinua friza kesho yake na kwenda kuibwaga mlangoni pa duka Mombasa. Na aliye Malindi naye ataipima nauli na usumbufu, aone heri anyamaze. Nimezungumza na wenzangu wawili aliowauzia, mmoja yuko Malindi na mwingine Faza. Hakuna hata mmoja wetu anayeishi Mombasa. Sidhani kama hilo limetokea hivi hivi.

Tarehe 19 Ramadhani, saa tisa na nusu usiku, Mama aliamka kutayarisha daku. Nikamsikia akiniita kwa sauti ndogo. Friza ilikuwa inanguruma kama kawaida, taa ya kijani inawaka, lakini alipoinua kifuniko hakikutoka hata ule moshi wa baridi. Sambusa 600 zilikuwa zimelainika na kushikana kwenye sinia, manda zimefumuka, nyama imetoka. Chini, kamba wa jirani waliowekwa kwetu walikuwa wanaelea kwenye maji ya rangi ya chai. Nusu ya sambusa zile zilikuwa zimeshalipiwa kwa ajili ya Idi. Mama akakaa kwenye baraza ya ndani na kusema neno moja tu: "Mwanangu, hizi ni amana za watu."

Ilikuwa imefanya kazi wiki nne na siku chache.

Asubuhi nikampigia muuzaji. Alipokea, tena kwa upole: pole dadangu, pole sana. Kisha akaanza: "Umeme wa huko Lamu ndio mbaya, umeunguza kompresa, na waranti haihusu umeme." Lakini kwa kuwa mimi ni mteja wake, atanisaidia. Nitume 6,500, nusu ya bei ya kompresa mpya (ile mashine inayosukuma gesi), na fundi wa kampuni atakuja nayo kesho kutwa. Mama alikuwa analia na wateja walikuwa wanagonga mlango. Nikatuma. Tangu saa ile simu yangu kwake haiingii, na ujumbe wa WhatsApp haumfikii. Nilipeleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456, namba ya Safaricom, kuomba pesa zirudishwe, zikawa zimeshatolewa. Na ile huduma imewekwa kwa aliyekosea namba, haikuwekwa kwa aliyedanganywa na muuzaji, basi msiitegemee kama ngao.

Huo ndio mtego wa pili, na wale wenzangu wawili walitegewa huo huo. Friza inakufa, lawama inatupiwa umeme, unaombwa pesa ya kutengeneza, kisha kimya.

Kuhusu umeme, hakuna anayekataa kwamba huku unakatika. Lakini tulikuwa na kile kifaa cha kulinda friji, kinachokata umeme ukishuka na kungoja dakika chache kabla ya kuurudisha. Friji yetu ya zamani iko kwenye laini ile ile, inafanya kazi mpaka sasa.

Aliyetufumbua macho ni ami mmoja, fundi wa friji wa miaka mingi. Aligeuza friza, akafungua skrubu za kile kiwavu cha nyuma, akanipa tochi. "Soma mwenyewe." Kwenye bati la maelezo lililobandikwa mgongoni, gesi ya kuleta baridi iliandikwa R600a. Kwenye kompresa, ile mashine nyeusi yenyewe, stika yake ilisema R134a. Akanionyesha mrija wa shaba unaotoka kwenye kompresa. Kwenye friza mpya ya nyumbani, alisema, mrija ule unakuwa umebanwa na kuchomelewa kiwandani, basi. Wetu ulikuwa na valvu ya kujazia gesi, yenye kifuniko kidogo kama cha tairi la baiskeli. Kisha akakwangua chini ya kompresa kwa ukucha. Rangi nyeusi ikabanduka, ndani yake kutu.

"Hii si friza mpya, mwanangu. Hii imeshakufa mara moja, ikafufuliwa ije kufia kwenu."

Akanieleza kwamba kompresa, kipimo cha gesi na ule mrija mwembamba unaopitisha gesi hutengenezwa vikiwa vinakubaliana. Ukitoa kompresa ya gesi hii ukaweka ya gesi nyingine bila kubadilisha vingine, mashine itagandisha siku za mwanzo, lakini inafanya kazi kwa taabu, inachemka, na haidumu. Tena R600a ni gesi inayoshika moto, ndiyo maana friza zake huwa na ile alama ya pembetatu yenye mwali. Kuichezea ovyo ni hatari kwa nyumba nzima.

Sasa haki zetu, maana wengi wetu tunanyamaza tukidhani pesa ikishatoka imekwenda. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili, haki ya kupewa maelezo anayohitaji, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro ya bidhaa. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi bidhaa yenye ubora wa kuuzika, hata kama hakutamka neno lolote. Na sheria hiyo hiyo inasema huwezi kunyang'anywa haki zake kwa makubaliano. Kwa hiyo yale maneno tuliyozoea kuyaona kwenye risiti, "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", hayafuti haki yako ikiwa kitu kilichouzwa ni kibovu. Na waranti ni nyongeza juu ya haki hizo. Muuzaji akikwambia waranti haihusu, bado hajajibu swali la kwa nini alikuuzia kitu kisichofaa.

Iko pia Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, na hapa ndipo ule ujumbe wangu unapoingia. Ukimjulisha mtu ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo kwamba unanunua kwa kazi gani, na ukategemea ujuzi wake, bidhaa lazima iifae kazi hiyo. Mimi nilimwandikia kazi yake ni nini na inakuja wapi. Yeye akajibu ni mashine ya kazi. Hawezi leo kusema Lamu haikuwamo kwenye hesabu. Ndugu zangu, andikeni hivyo kila mnaponunua, hata kama mmeongea kwa simu. Baada ya simu mtumie ujumbe: kama tulivyoongea, friza ni mpya, ya lita kadha, ya kazi kadha, inakuja mahali kadha. Akijibu ndiyo, umeshika ushahidi.

Jingine ambalo sikulijua: madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yanaweza kusikilizwa na Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 2016. Hulazimiki kuwa na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ilipofunguliwa. Ulizeni kwenye masjala ya mahakama iliyo karibu nanyi. Malalamiko ya muuzaji aliyedanganya kuhusu bidhaa yanapokelewa pia na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Ya ubora na stika za bandia yanakwenda KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Lakini nisiwafiche. Sheria zote hizi zina nguvu juu ya mtu anayepatikana. Mimi nina namba ya simu na jina la huyo "mhasibu", sina mlango wa kubisha. Ndiyo maana nimeanzia polisi. Kuuza kilichofufuliwa kwa jina la kipya, kisha kuchukua 6,500 za kompresa ambayo haikuja, huko ni kujipatia pesa kwa udanganyifu, kosa lililo kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 313. Nimeandikisha, nina namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Nilipeleka taarifa ya M-Pesa, picha za stika zote mbili za gesi, picha ya ile valvu, na mazungumzo yote ya WhatsApp tangu salamu ya kwanza. Kwa hiyo msifute chochote. Hata ujumbe wa sauti mnaoona hauna maana, uacheni.

Na ikiwa unangojea mzigo sasa hivi, ukifika usiushangilie kwanza. Rekodi video ukiwa unafungua boksi. Kabla ya kuchomeka, angalia nyuma kwa tochi: gesi ya kwenye bati na gesi ya kwenye kompresa zifanane, mrija usiwe na valvu, kusiwe na rangi mbichi juu ya kutu. Namba ya mashine isiwe imekwanguliwa. Ukiona kasoro, mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo kwamba unaikataa, na usiitumie. Ikiharibika baadaye, usikubali fundi wa mtaani afungue mrija kabla picha hazijapigwa, na usitume shilingi hata moja ya matengenezo kwa mtu huyo huyo aliyekuuzia kibovu.

Wateja wa Mama tumewarudishia amana zao zote. Kaka aliuza simu yake.

Juzi usiku, mwenzetu wa Malindi amenitumia skrinshoti. Ukurasa mpya, jina jipya, namba mpya, friza ya lita 200, safari hii kwa 27,000. Vigae vya kijani, pazia la maua mekundu. Ukikuza picha utaona mkwaruzo mdogo kwenye kona ya kushoto ya kifuniko. Friza yetu iko hapa ukumbini naitazama, na mkwaruzo ule ule uko kwenye kona ile ile.

Mkiiona picha hiyo, msitume pesa. Na kama umeshanunua kwake, Lamu, Malindi, Kilifi, Garsen, popote, piga picha stika mbili za gesi usiku huu, kisha niandikie. Tumefika watatu. Kila mmoja atakayeandikisha malalamiko yake kwenye kituo cha kwao anipe namba ya OB, nizipeleke zote kwa askari aliyeshika faili yetu.