Bwawa la faiba nyumbani Tanga: wapi tumeokoa hela na wapi usithubutu kubana

Tangu tuweke hili bwawa la faiba hapa nyumbani Raskazone maswali hayaishi, bei gani, linadumu, na kubwa zaidi kwanini mtu wa Tanga aweke swimingi puli wakati bahari iko pale chini. Naandika yote hapa mara moja maana naona kuna watu wanakaribia kutoa hela zao na hawajaambiwa mambo ya msingi.

Kuhusu bahari, mwenye kuijua Tanga anajua maji yakipwa yanapwa kweli, unatembea kwenye tope na mawe mpaka uyafikie, na mama mkwe wangu ana magoti mabovu hawezi kushuka yale mawe. Aliambiwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo atembee ndani ya maji yanayomfika kifuani. Bwawa ni la kwake, watoto wamepata bahati tu.

Sasa kwa ufupi, bwawa lenyewe nalipa nyota tano, kampuni iliyotuuzia (ya Dar, jina silitaji) naipa tatu. Na kuhusu kuokoa hela nataka mnielewe vizuri: ukikomaa kubishana bei ya ganda (bwawa lenyewe la faiba, linakuja kipande kimoja) utapunguziwa kidogo tu, ganda linatoka kwenye kalibu kiwandani na wao wana bei yao inayopanda na kushuka na dola, ndio maana hata namba siiweki hapa, ukiisoma mwezi ujao itakuwa imeshakudanganya. Hela kubwa iko nje ya ganda. Ukubwa uliochagua, lori, shimo, kreni, kokoto, pampu. Kotesheni yetu ya kwanza ilikuwa na ganda, pampu na chujio la mchanga, na usafiri. Kreni haikuwemo, kokoto hazikuwemo, kuchimba hakukuwemo, mkanda wa zege wa kuzunguka haukuwemo. Ukijumlisha vyote hivyo unakuta vinakaribia bei ya ganda. Hapo ndio nawakata nyota ya kwanza, mteja aambiwe mapema, sio lori limeshafika Segera ndio unapigiwa simu "mama, kreni umeshaandaa?"

Tuanze na ukubwa maana ndio uamuzi unaobeba mengine yote. Mume wangu alitaka la mita 8 kwa 4 lenye kina cha kuruka. Nikamwambia tupige hesabu. La 8 kwa 4 lenye wastani wa kina mita 1.5 ni lita 48,000. La 6 kwa 3 lenye wastani mita 1.3 ni kama lita 23,400, yaani nusu, na sio nusu ya maji tu, ni nusu ya klorini, pampu ndogo, shimo dogo, kokoto chache, na kila mwezi unaendelea kuokoa mpaka utakapouza nyumba. Tukachukua la 6 kwa 3, umbo la kawaida, halina kiti cha pembeni wala kona kona, upande mmoja kina mita 1.1 na mwingine 1.5. Bibi anatembea anarudi, watoto wanaogelea, hakuna aliyelalamika.

Lori. Ganda la upana wa mita 3 ni mzigo mpana kupita kawaida kwa hiyo linataka kibali cha TANROADS na lobedi (trela la chini la mizigo mikubwa), na kutoka Dar kupitia Chalinze, Segera, Muheza mpaka mjini ni safari ya zaidi ya kilomita 300, bei yake utaikalia chini. Ila haya maganda yanapandana, moja linakaa ndani ya jingine, kwa hiyo lori linaweza kubeba mawili kwa safari ileile. Nikaiambia kampuni nitasubiri mpaka wapate mteja mwingine wa njia hii, wakampata mwenye nyumba ya wageni njia ya Pangani, usafiri tukagawana. Hii kampuni haikuambii yenyewe, lazima uulize.

Shimo. Huku kwetu ukichimba kidogo unakutana na jiwe la matumbawe, na ukienda zaidi kwenye viwanja vya karibu na bahari unakutana na maji. Sasa kabla hujalipa hata shilingi ya awali chimba kishimo cha majaribio pale pale bwawa litakapokaa, kina cha kufika chini ya bwawa, na ukichimbe wakati wa masika, Machi mpaka Mei, sio kiangazi, maana kiangazi kila kiwanja ni kikavu. Sisi jiwe lilianza kwenye urefu wa mtu kupiga magoti. Vibarua wa sururu walitaja bei nzuri ya udongo, kwenye jiwe wakasema hapana, ikabidi kijiko (mashine ya kuchimba) chenye nyundo ya kuvunja mawe. Kwa kuwa tulijua mapema tulikodi kijiko kilichokuwa kinafanya kazi ya mtaro mtaa wa pili, hatukulipia kukisafirisha. Na maji tuliyaona yakitoa jasho chini kabisa, kidogo tu, lakini hicho kidogo ndicho kilichobadilisha mpango mzima.

Hapa nisikilizeni sana. Bwawa la faiba likiwa tupu ardhini na maji ya chini yakapanda, linaelea, kama sufuria tupu ndani ya beseni la maji. Hii sio stori ya kutishana. Kuna nyumba upande wa Sahare walitoa maji yote ili wasafishe, masika, mvua mbili kubwa, ganda likanyanyuka upande mmoja, mabomba yakakatika, zege la pembeni likapasuka. Kwa hiyo kuna bomba la inchi nne linasimamishwa pembeni ya ganda kushuka mpaka kwenye kokoto za chini, juu lina kifuniko, unafungua unachungulia kama maji ya ardhini yamepanda na ukitaka unashusha pampu ndogo unayavuta. Bomba lenyewe la plastiki ni bei ya kawaida ya hadwea. Fundi wa kampuni alisema huku hakuna haja. Nikasema litawekwa. Masika iliyopita nilifungua nikakuta maji yamesimama chini ya usawa wa nyasi kwa mkono mmoja tu. Na sheria ya nyumba ni kwamba bwawa halitolewi maji, kusafisha ni kwa brashi na mashine ya kuvuta uchafu, kama kuna kazi kubwa mtaalamu ndio anasimamia na ni kiangazi.

Kokoto nazo usibane. Fundi alitaka kurudishia udongo uleule tuliouchimba kuzunguka ganda, eti tunaokoa. Udongo unashuka kadri miaka inavyokwenda, unasukuma ukuta wa ganda na kuvuta mabomba, na mchanga nao maji yakipita unahama. Kokoto ndogo zinajipanga zenyewe na maji yanapita katikati yake. Huku Tanga kokoto sio tabu, mawe ya chokaa yamejaa upande wa Pongwe na Amboni, gharama yake kubwa ni lori tu. Ninavyopenda kukumbuka ni ile siku ya kujaza: maji yanaingia ndani, kokoto zinaingia nje, vinapanda pamoja, maji yakifika shubiri moja na nje kokoto shubiri moja, vijana wanasukuma kwa koleo, na kwenye upenyo wa mabomba kwa mkono kabisa mtu kalala kifudifudi, halafu wanasubiri. Ukijaza nje kwanza kuta zinaingia ndani, ukijaza maji peke yake zinatoka nje. Ilichukua siku nzima na hakuna aliyeruhusiwa kuharakisha, mama mkwe alikaa kivulini na kiti chake akihesabu makoleo.

Maji tulitumia ya Tanga UWASA, sio kisima. Visima vya karibu na bahari vina chumvi na chokaa, unaanza maisha ya bwawa unapigana na maji yenyewe. Piga hesabu ya boza pia, lita 23,400 ni maboza mawili ya lita 10,000 na kidogo, lakini mpira wa bomba usiku ulikuwa nafuu zaidi.

Kreni ilikodiwa nusu siku, na siri ya kreni ni shimo liwe tayari, kitanda cha kokoto kimesawazishwa kwa rula ya maji, geti liko wazi, na nyaya za TANESCO mmeshaziangalia, maana kreni inayosubiri inakula hela kuliko inayofanya kazi. Ganda lilipita juu ya ukuta wetu majirani wote wako nje.

Pampu ndio sehemu ambayo watu wanaibiwa bila kujua. Kotesheni ilikuwa na ya hospawa moja na nusu, karibu kilowati 1.1. Ukiiwasha saa 8 kwa siku ni uniti 8.8, mwezi uniti 264, na kwa uniti ya shilingi mia tatu hamsini na kitu ni zaidi ya elfu 90 kwenye LUKU. Bwawa dogo kama letu halihitaji. Tulichukua ya robo tatu ya hospawa, kilowati 0.55, inafanya kazi saa 6, maji yote yanapita kwenye chujio na zaidi, uniti kama 99 kwa mwezi, elfu 35 hivi. Na kama upo kwenye ile tarifu ya watumiaji wadogo ya uniti 75 jua kwamba bwawa litakutoa humo, weka kwenye bajeti yako.

Dawa ndipo faiba inapolipa. Ukuta ni laini, ukoga haupati pa kushika, brashi inapita mara moja. Bwawa la zege sakafu yake ya saruji inaachia chokaa na kupandisha pH (kipimo cha asidi ya maji) kila mara kwa hiyo unanunua asidi, na baada ya miaka kadhaa unapiga plasta upya. Letu tunapima tu, pH iwe kati ya 7.2 na 7.6, klorini miligramu 1 mpaka 3 kwa lita. Klorini ya unga tunanunua kwa ndoo, ila msimwage punje moja kwa moja majini, zinazama zinakaa chini zinachubua rangi ya ganda, ziyeyushe kwanza kwenye ndoo ya maji, na ni klorini ndani ya maji, kamwe sio maji juu ya klorini, na aina mbili za klorini zisikutane. Kipindi cha kaskazi, jua kali na upepo, tunafunika na lile turubai la mapovu, maji yanayopotea yanapungua sana na jua halili klorini yote.

Pembeni tumeweka pevingi za kawaida, marumaru tumeacha. Uzio na geti linalojifunga lenyewe hatukubana, nyumba ina watoto.

Nyota ya pili waliyopoteza ni huu mkwaruzo. Ganda lilifika na mkwaruzo wa urefu wa kiganja karibu na ngazi, wakasema fundi atakuja, tukapiga simu, atakuja, mpaka leo. Fundi wa boti za faiba hapa mjini alikubali kurekebisha ila akasema ukweli, jelikoti (ile rangi ngumu ya juu ya faiba) ya boti sio ya kwenye klorini, anataka ile ile ya kiwandani. Kwa hiyo kabla ya kusaini mapokezi dai kopo la jelikoti ya rangi yako pamoja na dawa yake ya kugandisha, na uandike mkwaruzo wowote kwenye karatasi ya dereva. Sisi tuliandika, ndio maana bado tunawadai na wanajua.