Filamu Ninayoistaajabia na Filamu Iliyonigusa

Filamu L'Année dernière à Marienbad (“Mwaka Jana huko Marienbad”) ya mwongozaji Mfaransa Alain Resnais (1961) na Tokyo Monogatari (“Hadithi ya Tokyo”) ya mwongozaji Mjapani Yasujirō Ozu (1953) zote mbili ni za rangi nyeusi na nyeupe, na zote huenda polepole, lakini hazikunifikia kwa kiasi kimoja. Ile ya Resnais naistaajabia kwa dhati: katika bustani ya kasri, watu waliosimama wima wana vivuli virefu ilhali miti iliyo kando yao haina kivuli hata kidogo, kwa kuwa vivuli vile vilichorwa ardhini kwa rangi. Picha hiyo haijanitoka akilini. Hata hivyo, wahusika hawana majina, na mwanamke anapokana kwamba aliwahi kukutana na mwanamume anayemsihi, sikujali ni nani anayesema kweli. Nilitazama yote kama mtu anayekagua saa nzuri isiyo yake.

Ozu huiweka kamera chini, karibu na sakafu, na ni nadra sana kuisogeza. Mwishoni mzee aliyefiwa na mkewe anajipepea, jirani anapita dirishani, wanazungumza kidogo, kisha mzee anabaki peke yake. Hapo koo lilinikaba, na sikukumbuka kabisa kuitazama kamera.