Maharage makavu ya pakiti: yapi ununue, yapi uyaache kwenye rafu

Siku moja nilimwaga kwenye sinia pakiti nzima ya "supu ya maharage" niliyokuwa nimeizoea, nikaanza kuichambua kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Maharage upande huu, mchele upande ule, vipande vya tambi katikati, unga wa viungo pembeni. Nilipoyapima, maharage hayakufika hata robo ya uzito wote. Picha ya mbele ilikuwa ya bakuli lililofurika maharage mekundu. Tangu siku hiyo sinunui pakiti kabla ya kuigeuza nyuma, na mpangilio ninaoutoa hapa umesimama juu ya maswali mawili: humo ndani mna maharage kiasi gani, na yamefuatana na chumvi kiasi gani?

Kwanza tupate kipimo cha kulinganishia. Maharage makavu yana protini gramu 21 hadi 24 katika kila gramu 100, pamoja na nyuzinyuzi gramu 15 au zaidi. Yakipikwa hunywa maji na uzito wake huzidi maradufu, kwa hiyo gramu 100 za maharage yaliyoiva zina protini gramu 8 au 9 tu. Hapo ndipo wengi hupotea. Pakiti moja huandika thamani za chakula kikiwa kikavu, nyingine huandika kikiwa kimeshapikwa. Ukiziweka sambamba utadhani ya kwanza ina protini mara mbili na nusu, kumbe maharage ni yale yale. Tafuta kwenye lebo maneno yanayosema ni kikavu au kilichopikwa, ndipo ulinganishe.

Namba 1: maharage au adesi tupu, zilizopikwa kiwandani na kukaushwa tena. Kwenye orodha ya vilivyomo utakuta kitu kimoja tu, au viwili. Unayamwagia maji ya moto, unayachemsha dakika chache, yameiva. Lishe yake inakaribiana sana na ya yale unayopika mwenyewe kwa saa mbili. Adesi ndizo ninazozipenda kuliko zote: gramu 100 zilizoiva zina protini gramu 9, madini ya chuma zaidi ya miligramu 3, na foleti (vitamini B9) mikrogramu 180 hivi, wakati mtu mzima anahitaji mikrogramu 400 kwa siku. Chumvi karibu hakuna, utatia mwenyewe kadiri unavyotaka. Mwenye nafasi ya kuloweka na kuchemsha anunue mabichi makavu, hapotezi kitu.

Namba 2: mchanganyiko wa maharage, adesi, njegere na shayiri, wenye kifuko cha viungo kilichofungwa peke yake. Kifuko hicho ndicho kilichoupandisha hadi hapa, kwa sababu chumvi inabaki mikononi mwako. Mimi hutia nusu yake, nikaongeza kitunguu na nyanya, na hakuna mezani aliyewahi kulalamika. Nafaka nayo ina kazi yake: maharage yana lisini nyingi lakini methionini kidogo (zote mbili ni asidi amino, vijenzi vya protini), na nafaka ni kinyume chake, hivyo protini zake zinakamilishana.

Lakini soma maelekezo ya kupika kwa makini, maana michanganyiko mingi ya namna hii ni mibichi. Maharage mekundu mabichi yana lektini, sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Yaloweke saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, weka maji mapya, kisha uyachemshe kwa moto mkali kwa dakika 10 kamili au zaidi kabla ya kupunguza moto. Usiyaweke moja kwa moja kwenye jiko la umeme la kupikia polepole. Joto lake huenda lisitoshe kuiua sumu, na maharage yaliyoiva nusu yanaweza kudhuru kuliko mabichi.

Namba 3: supu ya unga wa maharage. Protini ipo, na kwa mgonjwa au mzee asiyeweza kutafuna ni msaada mkubwa. Ila punje ikishasagwa humeng'enywa haraka zaidi kuliko nzima, hivyo shibe haikai sana na sukari ya damu hupanda kwa kasi kidogo. Angalia kama wanga, sukari au maltodekstrini (unga unaotengenezwa kwa kuvunjavunja wanga) havijatangulia kwenye orodha, maana vilivyomo hupangwa kuanzia kilicho kizito zaidi. Hakikisha pia unga umeandikwa kwamba umepikwa.

Namba 4: mchele na maharage vilivyokwisha kutiwa viungo. Hapa kuna hesabu ndogo itakayokuokoa kila mara. Mchele mkavu una protini gramu 7 hivi katika gramu 100, maharage yana 22. Kwa hiyo lebo ikisema protini gramu 10 au 11 kwa gramu 100 za kikavu, maharage ni kama robo. Ikisema 14 au 15, ni karibu nusu kwa nusu, na hapo unaweza kuinunua bila kinyongo. Ikiwa gramu 8, umenunua mchele wenye picha ya maharage.

Namba 5: vikombe vya tambi na maharage. Safarini, sawa. Nyumbani, hapana.

Sasa chumvi, jambo linalonikera kuliko yote. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, yaani chumvi isiyofika gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai. Chukua pakiti iliyoandikwa sodiamu miligramu 800. Si mbaya, utasema. Kisha unaona maandishi madogo: kwa mlo mmoja, na pakiti ina milo miwili. Nani anakula nusu ya pakiti ndogo vile? Ukiimaliza umekula 1,600, na siku haijaisha. Lebo nyingine huandika chumvi badala ya sodiamu; zidisha sodiamu mara 2.5 upate chumvi, ndipo ulinganishe. Mimi siendi juu ya miligramu 400 za sodiamu kwa mlo wenye protini gramu 10.

Kuhusu madini ya chuma: ya kwenye maharage hayafyonzwi kwa urahisi, na vitamini C husaidia sana. Kamulia limau au weka pilipili hoho mbichi pembeni, na chai isubiri saa moja baada ya kula. Aliyeambiwa na daktari apunguze potasiamu kwa ajili ya figo amuulize kabla ya kuzoea milo hii, kwani maharage yana potasiamu nyingi.

Na kama pakiti dhaifu tayari iko kabatini, usiitupe. Tia theluthi moja tu ya viungo vyake, ongeza kikombe cha adesi nyekundu kavu na maji ya kutosha, chemsha dakika 15 hadi 20. Ndivyo nilivyoipika ile niliyoichambua kwenye sinia.