PCIT kwa baba na mtoto wa kiume: tiba inayoanza na baba

Baba anayempeleka mwanawe kwenye PCIT (Parent-Child Interaction Therapy, tiba ya mahusiano ya mzazi na mtoto) mara nyingi huenda na ombi moja: mnirekebishie huyu mtoto. Mtoto ana miaka minne au mitano, anarusha vitu, anapiga wenzake, na akiambiwa aache ndiyo kwanza anaongeza. Kisha baba anaambiwa kikao cha kwanza cha mafunzo aje yeye, na mama kama yupo, mtoto abaki nyumbani. Wapo wanaokereka hapo hapo. Lakini ndivyo huduma hii ilivyo: jina kwenye faili ni la mtoto, mazoezi ni ya mzazi.

Ilibuniwa na mwanasaikolojia Sheila Eyberg nchini Marekani katika miaka ya 1970, kwa ajili ya watoto wa miaka 2 hadi 7. Kikao huchukua kama saa moja, mara moja kwa wiki, na familia nyingi zinazomaliza humaliza kati ya vikao 12 na 20. Idadi haipangwi mapema. Unahitimu ukifikisha alama, na humo ndimo zilimo sifa na kero zake kubwa.

Kabla ya kueleza kinachofanyika chumbani, inafaa kujua ugomvi wenyewe hutengenezwaje. Madaktari wa akili Alexander Thomas na Stella Chess walianza mwaka 1956, huko New York, kufuatilia watoto 133 tangu uchanga. Waliona tofauti zinazojitokeza mapema sana: nani hatulii, nani hulia kwa nguvu, nani huchelewa kuzoea jambo jipya, nani akishika jambo haachi. Tofauti hizo peke yake hazikuwa tatizo. Shida ilikuja pale maumbile ya mtoto yalipogongana na matakwa ya waliomzunguka. Mtoto mwenye moto mikononi mwa baba mtulivu ni habari moja. Mtoto yule yule kwa baba aliyekulia kwenye nyumba ya amri, ambako mvulana alikabidhiwa kazi za kiutu uzima mapema na hakuulizwa amechoka au la, ni habari nyingine kabisa. Baba huyo anaona ubishi wa dakika moja kama dharau.

Halafu kuna mzunguko alioueleza mwanasaikolojia Gerald Patterson. Baba anaamuru, mtoto anakataa, baba anapandisha sauti, mtoto anapandisha zaidi, hadi mmoja akubali yaishe. Akikubali baba, mtoto amejifunza kwamba kelele zinalipa. Akikubali mtoto kwa sababu ya kofi, baba amejifunza kwamba kofi linalipa. Kesho yake kila mmoja anaanzia pale palipomfaa jana, na baada ya miezi kadhaa watu wanasema hawa wawili wamerithiana hasira. Urithi upo, hatukatai. Ila sehemu kubwa ya kinachoitwa hasira za ukoo ni mafunzo ya kila siku, mwalimu na mwanafunzi wakibadilishana nafasi.

PCIT inauvunja mzunguko huo kwa hatua mbili. Msingi wake umetoka kwa mwanasaikolojia Diana Baumrind, ambaye utafiti wake wa miaka ya 1960 uliwatenga wazazi wa amri tupu, wazazi wanaoachia kila kitu, na wale wanaounganisha upole na msimamo. Hatua ya kwanza ni ya upole, ya pili ni ya msimamo, na mpangilio huo haugeuzwi. Baba wengi wangependa kuanza na ya pili. Hawaruhusiwi.

Katika hatua ya kwanza baba anakaa chumbani na mwanawe, amevaa kifaa kidogo sikioni. Mtaalamu yuko nyuma ya kioo kisichoonyesha upande wa pili, au kwenye kamera kama huduma inatolewa kwa intaneti, na anamnong'oneza la kusema. Mtoto anaongoza mchezo, baba anafuata. Anachotakiwa kufanya ni kusifu tendo mahususi, kurudia maneno ya mtoto, kuiga anachofanya, kusimulia anachofanya, na kuonyesha kwamba amefurahi. Asichotakiwa kufanya ni kuuliza maswali, kutoa amri, na kukosoa, kejeli zikiwamo.

Inaonekana rahisi hadi baba afungue kinywa. Mtoto anapanga matofali ya plastiki. Baba: "Unajenga nini?" Hilo ni swali. Sikioni anasikia: "Msimulie." Baba: "Weka lile kubwa chini." Hiyo ni amri. Sikioni: "Sema anachofanya sasa hivi." Baba ananyamaza kidogo, kisha: "Umeweka tofali jekundu juu ya la bluu." Mtoto bila kuinua kichwa: "Ni mnara." Baba: "Ni mnara." Mtoto anaongeza tofali jingine, taratibu, na baba anaambiwa asifu alichokiona: "Napenda unavyoliweka polepole lisianguke." Mtoto anamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu waingie. Mazungumzo yote hayo hayazidi nusu dakika, lakini kwa baba aliyezoea kuhoji na kuelekeza ni kazi nzito kuliko kubeba gunia.

Kipimo chake ni kikali. Mwanzoni mwa kikao mtaalamu anahesabu kwa dakika 5 bila kumsaidia baba. Ili kuvuka kwenda hatua ya pili, ndani ya dakika hizo baba awe ametoa sifa mahususi 10, amerudia maneno ya mtoto mara 10, amesimulia matendo yake mara 10, na maswali, amri na ukosoaji kwa jumla visizidi 3. "Safi sana" haihesabiwi miongoni mwa zile 10, kwa sababu haimwambii mtoto kipi kilikuwa safi. Kinachowaangusha wengi ni maswali, hata yale ya upole kama "Ni zuri, eh?" Sauti ikipanda mwishoni, limehesabiwa.

Nyumbani kuna zoezi la dakika 5 kila siku. Dakika 5 tu, lakini ndizo tiba yenyewe. Kosa linaloiua huduma hii kuliko mengine ni kuzigeuza dakika hizo kuwa zawadi: mtoto amekosa adabu mchana, jioni baba anamnyima mchezo. Siku mbaya ndiyo siku zinapohitajika zaidi. Kosa la pili ni kuzisogeza hadi mtoto anasinzia, kisha kulalamika kwamba hachangamki.

Lawama yetu ya kwanza iko kwenye vifaa vya mchezo. Vinavyoruhusiwa ni vya kujenga na kuchora: matofali, wanyama wadogo, magari, penseli za rangi. Mipira, panga na bunduki za bandia haviingii, kwa sababu huamsha fujo, na michezo yenye kanuni haiingii kwa sababu humnyima mtoto uongozi. Sababu zinaeleweka. Lakini baba wengi hucheza na wavulana wao kwa mieleka na kurushana juu, na wataalamu wasiolizungumzia hilo wanamwacha baba akidhani uchezaji wake wote ni makosa. Si kosa. Mieleka ibaki, nje ya zile dakika 5, mradi baba anaweza kuisimamisha na mtoto akasimama.

Hatua ya pili ni ya utii, na hapa utaratibu ni wa neno kwa neno. Amri iwe moja, ya moja kwa moja, inayosema cha kufanya badala ya cha kuacha, kwa sauti ya kawaida: "Tafadhali weka gari kwenye kisanduku." "Kuwa na adabu" haifai, kwa kuwa mtoto hajui aanze na mkono au mguu. "Tuokote basi?" haifai, kwa kuwa jibu lake linaweza kuwa hapana. "Okota, panga, kisha njoo" ni amri tatu.

Baada ya amri, baba anakaa kimya sekunde 5. Mtoto akitii, anasifiwa papo hapo. Asipotii, anapewa onyo moja: usipoweka gari kwenye kisanduku, utakwenda kukaa kwenye kiti. Sekunde 5 nyingine. Akikataa, anapelekwa kwenye kiti na kukaa dakika 3, zikifuatwa na sekunde 5 za ukimya. Kisha anaulizwa kama yuko tayari kuja kuweka gari kwenye kisanduku. Amri ya awali haifi. Akiitimiza anaambiwa "sawa" kavu kavu, anapewa amri nyingine nyepesi, na sifa nono zinakuja akiitii hiyo ya pili. Wengi hushangaa kwa nini asisifiwe ile ya kwanza. Ni kwa sababu ile aliifikia kwa kupitia kitini, na kinachotafutwa ni utii usiopitia huko.

Ili kuhitimu, angalau asilimia 75 ya amri za baba ziwe sahihi, na angalau asilimia 75 ya ufuatiliaji wake uwe sahihi. Pia alama za dodoso la tabia lenye vipengele 36, ambalo mzazi hulijaza mara kwa mara, zishuke hadi 114 au chini. Zinapofika 131 huhesabiwa kuwa tatizo la kitabibu.

Yanayoharibika hapa yanajulikana. Baba anazijaza zile sekunde 5 kwa maneno: "Umenisikia? Nasema na nani?" Hapo amevunja ukimya na hesabu imevurugika. Au anaanza kutumia kiti nyumbani kabla hakijafanyiwa mazoezi kliniki, mtoto anatoroka, wanakimbizana, na kiti kinakuwa mchezo. Au mtu mzima mwingine anamwinua mtoto kitini kwa huruma. Mtoto anayetoroka kitini ndiye mtihani mkubwa: utaratibu wa asili ni kumweka kwenye chumba tupu, salama, kwa dakika 1 na sekunde 5 za ukimya, kisha kumrudisha kitini. Wazazi wengine hawauafiki, na baadhi ya wataalamu hutumia njia nyingine, kama mzazi kuondoka na vitu vyote vya kuchezea.

Je, inafanya kazi? Kwa kilichokusudiwa, ndiyo, na ushahidi wake ni wa kuheshimika. Utafiti wa Chaffin na wenzake wa mwaka 2004 ulihusu wazazi 110 waliokwisha kuripotiwa kwa kuwapiga na kuwaumiza watoto wao. Baada ya takriban siku 850, asilimia 19 ya waliopitia PCIT walikuwa wameripotiwa tena, dhidi ya asilimia 49 ya waliopewa mafunzo ya kawaida ya wazazi. Kuhusu baba hasa, Bagner na Eyberg walionyesha mwaka 2003 kwamba mwishoni mwa tiba hakukuwa na tofauti kubwa kati ya familia ambazo baba alishiriki na ambazo hakushiriki. Tofauti ilionekana miezi minne baadaye, ambapo mafanikio yalidumu zaidi pale baba alipokuwamo. Kwa hiyo baba anayemtuma mama peke yake ataona matokeo, ila asishangae yakiyeyuka.

Upande mwingine, wanaoacha njiani ni wengi, mara nyingi theluthi ya walioanza au zaidi. Kuhitimu kwa alama kunawabana wenye kazi za zamu: ukikosa mazoezi ya nyumbani, hesabu hazipandi, na unabaki hatua ya kwanza wiki baada ya wiki huku ukilipia.

Lawama yetu ya pili ni nzito zaidi. PCIT humpa mtoto utii, haimpi jukumu. Mtoto anayeweka gari kwenye kisanduku kwa kuwa ameamriwa bado hana kazi iliyo yake. Mtaalamu akishamaliza, hilo analibeba baba, na lianze dogo: kazi moja, wakati ule ule kila siku, yenye mwisho unaoonekana kwa macho, kama kupanga viatu vya wote mlangoni. Baba amwonyeshe mara kadhaa, wafanye pamoja kwa siku chache, kisha anyamaze. Asirudie kuvipanga baada ya mtoto, kwani mtoto akiona kazi yake imerekebishwa kimya kimya anaelewa kwamba haikuwa yake. Asimrundikie tatu kwa pamoja kwa sababu ya kwanza imekwenda vizuri. Na isiwe adhabu. Kazi iliyotolewa kama adhabu hubaki na sura hiyo.

Majukumu humgeuza baba pia. Utafiti wa Gettler na wenzake uliochapishwa mwaka 2011, uliofuatilia wanaume 624 nchini Ufilipino, ulionyesha kwamba testosteroni, homoni ya kiume, hushuka mwanaume anapopata mtoto, na waliotumia saa 3 au zaidi kwa siku kumhudumia mtoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasiojihusisha. Homoni si tabia, tusilivute jambo hilo mbali. Lakini linaendana na kinachoonekana kwenye hatua ya kwanza: kukaa karibu na mtoto, ukiwa na kazi mahususi ya kufanya, hutuliza hata mtu mwenye hasira za karibu.

PCIT haimfai mtoto wa miaka 9 au 10. Kiti na sekunde 5 kwake ni kejeli, na afadhali mafunzo ya wazazi yaliyotungwa kwa umri wake. Haimfai pia baba anayetaka cheti cha kumwonyesha mtu na hana nia ya dakika 5 za kila siku.

Kabla ya kujiandikisha, uliza mambo manne. Mtaalamu amethibitishwa kutoa PCIT yenyewe, au "anatumia mbinu zake"? Je, atahesabu zile dakika 5 mwanzoni mwa kila kikao na kukuonyesha hesabu? Wazazi mkija wawili, muda wa kuongozwa sikioni unagawanywaje? Na mtoto akitoroka kitini, wao hufanya nini? Asiyekuwa na jibu la papo hapo kwa swali la nne hajawahi kufika nalo mbali.