Outreachy au Google Summer of Code: uanzie wapi?

Hii ni mipango miwili ya mafunzo kwa vitendo. Yote hukupa mlezi na posho ukichangia programu huria (programu za kompyuta ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuuboresha), ila mlango wa kuingilia si mmoja.

Outreachy hufunguliwa mara mbili kwa mwaka, na posho yake ni dola 7,000 popote unapoishi. Kwanza unaandika insha fupi kuhusu ubaguzi au vikwazo ulivyokumbana navyo, kisha unaorodhesha ratiba yako ya masomo na kazi. Hapa ndipo wengi huanguka: insha ya jumla isiyo na tukio halisi, au ratiba isiyoacha saa 30 kwa wiki. Ukipita, unapewa takriban mwezi mmoja wa kuchangia mradi. Bila mchango uliorekodiwa, huwezi kuchaguliwa.

Google Summer of Code ni mara moja tu kwa mwaka. Posho hutegemea nchi unayoishi na ukubwa wa mradi: saa 90, 175 au 350. Uzito wote uko kwenye pendekezo lako la mradi. Usinakili tu wazo la mradi lililotangazwa na shirika unaloomba kulichangia. Gawa kazi yako wiki kwa wiki, na uzungumze na walezi mapema, wakiwa bado na nafasi ya kukusahihisha.

Asiyeandika msimbo ajaribu Outreachy, ambako hupatikana pia miradi ya usanifu na nyaraka.