Sefu ndogo ya namba ya Kariakoo: ipige kofi kabla hujalipa

Mjadala wa silaha za raia huishia kwenye leseni: nani apewe, nani anyang'anywe. Bastola inalala wapi usiku, hilo halipati wasemaji. Australia mwaka 1996, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur, haikuishia kununua bunduki kutoka kwa raia. Wenye leseni walibanwa pia namna ya kuzihifadhi. Marekani nako, zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni vya watu kujiua, na hapo hata dakika chache za kuhangaika na kufuli zina maana.

Sasa sefu yenyewe. Zile nyeusi za sentimita 31 kwa 20 kwa 20 zinaingia bastola moja na magazini yake. Shotigani sahau. Kumzuia mtoto zinaweza. Mwizi ni habari nyingine.

Dukani, ifunge, zungusha kitasa huku unaipiga kofi zito juu. Komeo linazuiwa na pini ndogo yenye springi, ambayo sumaku ya umeme huivuta ukibonyeza namba sahihi. Springi ikiwa legevu, pini inaruka kwa mtikisiko na mlango unaachia. Ikikufungukia hivyo, iache hapohapo. Angalia na bati: mlango usipungue milimita 4, mwili 2. Wauzaji wengi hupandisha bei kwa ukubwa wa boksi, si kwa unene.

Namba ya kiwandani aghalabu ni 159. Ibadilishe siku hiyohiyo, pamoja na namba kuu iliyoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo. Ufunguo wa dharura usiufungie ndani (betri 4 zikiisha, umekwama), wala usiutundike kwenye msumari nyuma ya mlango, mtoto wa darasa la pili anaufikia kwa kigoda.

Isipofungwa ukutani, mwizi anaibeba kwapani: ni kilo 5 tu. Fundi akiikaza kwenye mgongo wa kabati la plaiwudi, mwambie arudie. Bolti ziingie kwenye tofali lenyewe sentimita 6 au 7, plasta haihesabiwi, na sefu ikae konani ili mtaimbo ukose pa kupenya.

Kapeti la ndani ling'oe. Kwa joto la Dar linashika unyevu na bastola inaota kutu upande uliolalia. Ala ya ngozi nayo ibaki nje.