Kongamano la teknolojia Kampala: laki tano zangu zilikwenda wapi

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Tiketi ya siku mbili ilikuwa shilingi 350,000 za Uganda kwa tuliolipa mapema. Mlangoni walitoza 450,000. Weka nauli ya Malaba hadi Kampala, kwenda na kurudi, weka bodaboda za asubuhi na jioni, weka kilo tano za mchele nilizompelekea binamu yangu wa Kireka aliyenilaza. Laki tano hizo. Kwa wakala wa forodha wa ukubwa wangu ni jasho la siku kadhaa, kwa hiyo nikilalamika mnivumilie.

Kazi yangu ni kutoa mizigo mpakani, na niko Malaba, mpaka wa Uganda na Kenya, mwaka wa kumi na saba sasa. Tangazo lilisema kongamano ni la "uchumi wa kanda unaosukumwa na teknolojia". Nikacheka peke yangu ofisini. Kanda yenyewe si hii inayopita mbele ya dirisha langu kila siku ikiwa na matairi ishirini na mawili? Nikalipa.

Tuliondoka saa tisa usiku ili tuwahi. Daraja jipya la Jinja tulilivuka bado giza, na Namawojjolo wauza kuku wa vijiti ndio kwanza walikuwa wanapuliza moto. Nikajinyima, nikijua huko mbele kuna chai ya kulipiwa. Kosa la kwanza. Chai ilitoka saa tano.

Usajili nao ulikuwa na vituko vyake. Walikuwa wametutumia kile kimraba cha kuskani, lakini kioo cha simu yangu kina ufa, mashine ikagoma kukisoma. Dada wa mapokezi, mpole kweli, akaniandikia kadi kwa mkono. Nikaivaa bila kuisoma. Kumbe pale chini ya jina, kwa Kiingereza, ameniandika mkulima. Siku mbili nzima nimeulizwa habari za mahindi. Bwana mmoja wa maghala ya nafaka alinifuata mpaka kwenye foleni ya chakula, na nilipomwambia mimi ni wa forodha akafurahi zaidi, maana mzigo wake ulikuwa umekwama njiani. Amekuwa mteja wangu. Basi kadi mbovu imenirudishia sehemu ya nauli.

Siku ya kwanza sitaipamba. Mgeni rasmi alichelewa, na walioandaliwa kuzungumza dakika kumi walizungumza arobaini. Tulionyeshwa Silicon Valley, kisha Konza, mji wa teknolojia wa Kenya, kisha mchoro wa duara tatu zinazoshikana: chuo kikuu, kampuni, serikali. Mchoro ule niliuona mara nne kwa siku moja, kwa rangi tofauti. Slaidi nyingine ilidai mzigo wa Mombasa hadi Kampala ulikuwa unachukua siku 18 na sasa ni siku 4. Hiyo husemwa kila mkutano, na msingi wake upo: tangu himaya moja ya forodha ianze 2014, tamko linafanywa na kodi inalipwa Uganda mzigo ungali bandarini. Lakini siku 4 ni za mzigo uliobarikiwa. Mwulize dereva aliyelala na foleni ya Malaba usiku wa mvua.

Kuna mzungumzaji mmoja tu aliyeniamsha, mhadhiri wa uchumi, mzee wa sauti ndogo. Yeye hakuja na duara. Alianza na Jinja. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa 1954, umeme ukawa karibu na wa kutosha, viwanda vya nguo na vinginevyo vikaufuata umeme, na watu wakafuata viwanda. Baadaye viwanda vingi vikafa. Sote tunazijua zile kuta. Sasa Jinja hiyohiyo ndiko Kiira Motors walikojenga kiwanda chao cha magari ya umeme, wale waliotoka Makerere na gari dogo 2011 na basi la Kayoola la sola 2016. Akauliza: kwa nini Jinja na si pengine? Kwa nini kila kijana mwenye programu ya simu anahamia Ntinda hapa Kampala? Jibu lake ni kwamba ujuzi unakaa kwenye watu. Fundi akihama kampuni moja kwenda nyingine mtaa wa pili, anakwenda na alichojifunza. Penye mafundi wengi ujuzi unazunguka, penye fundi mmoja unakufa naye. Hivyo, alisema, mji usinakili jengo la mwenzake. Uangalie watu wake tayari wanajua nini, uanzie hapo.

Nikainua mkono. Nikamwuliza, je, sisi wa Tororo na mpakani, tunajua nini? Akanijibu kwa swali: "Mama, wewe ndiye uniambie." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nililichukua swali mpaka Kireka nikalala nalo.

Sasa lile lililoniudhi. Kila kiti kilikuwa na hedifoni za mkalimani. Nikavaa zangu, nikabonyeza: Kiingereza. Nikabonyeza tena: Kifaransa. Tena: kimya, mlio tu wa hewa. Nikamwuliza kijana wa mitambo Kiswahili kiko namba ngapi. Akasema, "Hakuna aliyeomba, mama." Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane sasa, tangu Somalia iingie 2024. Mkataba wake wa 1999 unasema Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wake. Baraza la mawaziri la Uganda lilikipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022. Najua Kampala kuna watu ambao wakisikia Kiswahili bado wanakumbuka askari waliowatesa kwa lugha hiyo, sitajifanya sijui. Lakini kongamano la kanda! Wale wa Goma, Kongo, waliokaa nyuma yangu walikuwa wananong'ona Kiswahili, sisi wa Malaba tunanong'ona Kiswahili, madereva nje wanapiga soga kwa Kiswahili, na ndani ya mtambo ni mlio wa hewa.

Siku ya pili ndiyo nitakayoikumbuka. Haikuwa hata kwenye ukumbi mkubwa. Kilikuwa kikao cha pembeni cha biashara ya kuvuka mpaka, chumba cha viti thelathini hivi, feni moja, projekta inayoyumba. Mezani walikuwa wanne: afisa wa mradi fulani, mtu wa benki, kijana aliyetengeneza programu ya bei za mazao, na mama mmoja wa Busia, mji mwingine wa mpakani, anayeuza maharage na ndizi upande wa Kenya. Mwenyekiti alipompa kipaza sauti, mama akasema kwa upole, "Mimi nitaongea Kiswahili. Asiyesikia aulize jirani." Chumba kikachangamka palepale.

Akatoa simu mbili mkobani, zote vitochi, akaziweka mezani kama mtu anayepanga samaki. Hii laini ya Kenya, hii ya Uganda. Mteja wa Nairobi anamlipa kwa M-Pesa kwenye ile ya kwanza. Anazitoa kwa wakala upande wa Kenya, anakatwa. Anatembea na noti mpaka kwa mbadilisha pesa, anakatwa kwenye bei. Anavuka, anaziweka kwenye laini ya Uganda ili amlipe mkulima wa Bugiri, na mkulima akizitoa naye anakatwa, na juu yake ile nusu asilimia ya serikali iliyobaki tangu kodi ya pesa za simu ya 2018, ambayo ilianza ikiwa asilimia 1. "Nyinyi mnaita fintek," akasema. "Sisi tunaita kukatwa."

Mtu wa benki akamwambia mbona siku hizi kuna kutuma moja kwa moja kuvuka mpaka, simu kwa simu. Mama akajibu anaijua, alishalinganisha. "Yule wa kubadilisha ananipa bei nzuri kuliko simu. Na siku nikipungukiwa ananikopesha. Simu itanikopesha kwa kunijua?" Mtu wa benki akaandika kitu kwenye daftari lake. Ningelipa elfu hamsini nyingine nisome alichoandika.

Zamu ya kijana. Intaneti ikakatika, ndani ya kongamano la teknolojia, wala hakuna aliyeshangaa. Akatuonyesha picha za programu badala ya programu yenyewe. Nzuri kwa macho: bei ya mahindi Kampala, Nairobi, Kisumu, rangi ya kijani ikipanda na nyekundu ikishuka. Pia ina ukurasa unaoeleza kwamba bidhaa za hapa kwetu zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zinaweza kupita na cheti rahisi cha asili, kinachojazwa pale mpakani bila kulipia wakala. Hapo nilimpigia makofi ingawa ni ugali wangu anaugusa, kwa sababu akina mama wengi hawajui, na wapo vishoka wanaokula kutokana na kutojua huko. Nikamwuliza kama inafanya kazi kwenye kitochi, kwa kubonyeza nyota na reli kama tunavyobonyeza *165# kutuma pesa. Akasema iko kwenye mipango.

Mama wa Busia akamkatiza. "Mwanangu, bei naijua. Kila usiku saa nne nampigia mtu wangu wa soko la Marikiti, Nairobi, ananiambia. Ninachotaka kujua kabla sijapakia ni kama nitapita." Akamkumbusha Machi 2021, Kenya ilipozuia ghafla mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu. Siku zile nilikuwepo. Malori yalijipanga, wenye mali wamekaa chini ya trela kwenye kivuli, kila mmoja na simu sikioni, na hakuna simu iliyokuwa na jibu. Zuio lilikuja kuondolewa baada ya siku chache, kwa masharti mapya ya vyeti. Mwenye cheti gani, kutoka wapi, nani anakitoa? Tuliulizana sisi kwa sisi, na habari ilifika Nairobi kabla ya kufika kwa mtu aliyekalia gunia. Mama akasema, "Nitengenezee hiyo. Iniambie leo mpaka unataka karatasi gani."

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akafunga kompyuta yake, akahamisha kiti akakaa upande wa mama. Mwenyekiti akaendelea na ratiba, lakini wale wawili walikuwa wameshatoka kwenye ratiba.

Hapo ndipo swali la yule mhadhiri wa jana lilinirudia, nikaomba kusema. Nikasema kabla ya Machi 2009, kabla MTN haijaleta Mobile Money hapa Uganda, watu wetu walikuwa wanatuma pesa kwa simu tayari. Unanunua kadi ya salio mjini, unampigia mwenye kibanda cha simu kijijini, unamsomea namba. Yeye anaingiza salio kwenye simu yake, anamkabidhi mama yako pesa taslimu, anabakiza chake. Nimemtumia mama yangu ada za wadogo zangu hivyo, tarakimu kwa tarakimu, nikiomba Mungu mwenye kibanda asikosee. Kampuni zilikuja kuisafisha tu njia ambayo tayari ilikuwa na nyayo. Basi mpakani tunajua kuulizana karatasi. Anayetaka kutujengea kitu aanzie hapo. Nikakaa. Bwana wa maghala ya nafaka akanipigia makofi peke yake.

Kuhusu mengine nitakimbia. Chakula kizuri sana, luwombo ya kuku, yaani kuku wa kupikwa ndani ya jani la mgomba, siku zote mbili, na matoke hayakuisha hata kwa waliochelewa. Vyoo safi. Soketi za kuchajia tatu kwa watu mia kadhaa, tulizigombania kama abiria wa taxi park jioni. Kikao cha lakiri za kielektroniki, zile sili za kufuatilia mizigo, kilikuwa kifupi mno. Tulionyeshwa ramani yenye nukta za malori, maana tangu 2017 mizigo ya transiti ya Kenya, Uganda na Rwanda inafuatiliwa kwa mfumo mmoja, na dereva mmoja aliyealikwa akasema sili ile inamjua kuliko mke wake: alisimama Iganga ale, akapigiwa simu kabla ya tonge la tatu. Wangempa saa nzima yule dereva na kupunguza duara.

Slaidi tuliahidiwa kwa baruapepe ndani ya wiki moja. Sasa ni wiki ya tano. Cheti cha ushiriki nilipewa, kimeandikwa jina langu sawasawa, ila nacho kinasema mkulima.

Mwenzangu wa mpakani akiniuliza aende au asiende, nitamwambia anunue siku ya pili peke yake, kama wataiuza hivyo. Apite moja kwa moja kwenye vyumba vidogo, abebe chaja yenye waya mrefu, na aandike mapema kudai mkalimani wa Kiswahili. Tukiomba kumi, yule kijana wa mitambo hatasema hakuna aliyeomba. Na Namawojjolo anunue kuku.

Juzi mama wa Busia amenipigia. Kijana amekwenda kwake mara mbili, amekaa na akina mama sokoni na daftari, bila kompyuta. Mara ya pili alikuja na orodha ya vyeti akitaka niikague, kwa hiyo jioni hizi nikifunga ofisi nakaa nayo. Nimeshamkosoa kwenye maharage, bado mayai.